Daftari la Tuda la Waliokufa Wakarudi

Mara ya kwanza Bassu alipokufa, binti yake Ijja alikuwa na miaka sita. Walikuwa nyumbani kwa jirani, watu ishirini wamebanana kwenye zulia mbele ya televisheni moja, kila mtu akimtafuta mtu wake ndani ya filamu iliyopigwa pale pale mjini kwao Ouarzazate, kusini mwa Moroko, mwaka uliotangulia. Bassu alitokea juu ya ukuta na kofia ya chuma, akapigwa mshale wa shingo, akaanguka chali. Watu wakashangilia. Ijja akapiga ukelele ambao mama yake, Tuda, hajausahau mpaka leo. Bassu mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yao akimenya chungwa, lakini hilo halikusaidia kitu. Wiki nzima mtoto hakumwachia atoke mlangoni mpaka aape kwamba atarudi.

Tuda wakati huo hakujua kusoma wala kuandika. Alinunua daftari la shule, na kila Bassu alipotoka kazini kwenye filamu walikaa watatu, Tuda akachora: mshale, au upanga, au mtu anayedondoka. Kando yake alichora mkate, maana yake baba amerudi na amekula. Ijja akawa anahesabu mikate. Hofu ikamtoka kidogo kidogo, na kabla ya mwezi wa pili kwisha ni yeye aliyekuwa akimkimbilia baba yake njiani.

"Leo umekufaje?"

"Nimekanyagwa na farasi."

"Farasi wa rangi gani?"

"Mwanangu, mtu akikanyagwa anaangalia rangi?"

Miaka mitatu baadaye msikiti wa mtaa wao ulifungua kisomo cha akina mama, na Tuda alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Picha zilikuwa zimemshinda. Bassu alikuwa amekwisha kufa mara arobaini na kitu, na mikuki yote ilifanana. Siku mwalimu wao, Lalla Kenza, yaani Bibi Kenza, alipowaambia kila mmoja aandike habari ya nyumbani kwake, Tuda aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo: "Mume wangu amekufa Jumanne kwa mkuki. Amerudi alasiri. Amekula dengu."

Lalla Kenza alisoma mstari wa kwanza akashika kifua. "Mungu akupe subira, mama. Mbona hukutuambia?"

"Nimekosea herufi?"

"Hapana, herufi ziko sawa..." Macho yake yakateremka. "Amerudi?"

"Amerudi, na sufuria kaisafisha."

Darasa likaangua kicheko, kwa kuwa nusu ya wanawake mle ndani walikuwa wajane wa namna hiyo hiyo. Tangu siku ile wakaanza kumletea maiti zao. Walipita nyumbani kwake wakielekea kwenye tanuri la mkate, sinia kichwani, wakisema mlangoni: "Tuda, niandikie. Wangu leo kanyongwa." Yeye aliuliza mambo manne tu: amekufaje, amevaa nini, nani amemuua, amerudi saa ngapi. Daftari likawa mawili, yakawa sita.

Shida ilikuwa hesabu. Mara nyingine watu wa kujaza umati wa filamu walikuwa wachache, basi Bassu aliuawa asubuhi akiwa askari wa mfalme, adhuhuri wakambadilisha nguo akauawa akiwa adui wa huyo huyo mfalme. Ijja, ambaye sasa alikuwa msichana wa sekondari na mbishi kama shangazi zake, alisema hicho ni kifo kimoja, mtu ni yule yule. Tuda hakukubali. Aliyelala chini akaachwa na wenzake amekufa, alisema, na akiinuka na nguo nyingine huyo ni mtu mwingine, ana mama yake na machozi yake. Akaandika viwili.

Mwaka Ijja alipokwenda chuo Agadir, ikaja filamu kubwa. Ilikuwa hadithi ya malkia mchawi aliyewafufua askari wake. Kila askari aliweza kufufuliwa mara tatu, na akifa ya nne anageuka vumbi, basi. Wanaume wa mtaa mzima walipata kazi. Tena picha zilipigwa bila mpangilio, vita vya mwisho vikatangulia, vita vya kwanza vikafuata, kwa hiyo mtu aliweza kuwa vumbi Jumatatu na Jumatano akawa bado hajafa hata mara moja.

Wiki ya nne mambo yakaharibika. Msichana aliyekuwa akiweka orodha ya nani amekufa mara ngapi aliugua tumbo akarudishwa Casablanca, na picha alizoacha zilionyesha nyuso zilizopakwa majivu, zote sawasawa. Mwongozaji, mgeni mrefu aliyeungua pua, alipotazama kazi ya siku kumi aliona wafu wake wakitembea. Waliogeuka vumbi walikuwa wamesimama mstari wa mbele. Kazi ikasimama.

"Mke wangu anayo yote," Bassu akasema.

Msaidizi wa mwongozaji, kijana wa Rabat ambaye wote walimwita Si Mfaddal, yaani Bwana Mfaddal, alimgeukia. "Anayo nini?"

"Vifo."

Asubuhi yake gari lilimfuata Tuda. Alifika na madaftari mawili ndani ya mfuko wa unga, akapewa kiti, akakikataa. Wanaume sitini walikuwa wamepangwa juani na majivu yao usoni. Tuda alipita mbele yao taratibu. Majivu hayakumsumbua, maana aliwajua kwa masikio na kwa namna wanavyosimama.

"Huyu kafa mara mbili, kafufuka mbili. Abaki. Huyu bado mzima. Huyu," akafungua ukurasa, "huyu Alhamisi alichomwa mkuki kisimani, ndiyo ya nne. Ni vumbi."

"Lalla Tuda!" yule mtu akalia. "Usiniue, kuna siku sita za kazi mbele!"

"Mimi sijakuua, Udad. Umeuawa Alhamisi, mkeo mwenyewe kaniambia."

"Mke wangu ana mdomo!"

Watu wakacheka, lakini kicheko kiliisha alipofika mwisho wa mstari. Kumi na tisa walikuwa vumbi. Si Mfaddal alizilinganisha kurasa na picha, akaona kila kitu kinakaa mahali pake, akamshukuru Tuda mpaka akamwinamia. Kisha, kwa kuwa picha zote zilizobaki zilikuwa za baada ya vifo hivyo, akawaambia wale kumi na tisa waende zao.

Jioni ile, jua bado liko juu ya kuta, Hadda mke wa Udad alikuja kusimama katikati ya ua wa Tuda, mikono kiunoni.

"Miaka yote nakuletea siri za nyumba yangu, kumbe unanoa kisu. Umemuua mume wangu kwa kalamu!"

"Hadda, keti kwanza."

"Siketi kwa muuaji. Mtoto wangu anaanza shule wiki ijayo. Nimwambie nini, baba yako kawa vumbi?"

Hadda alipoondoka, Tuda alikaa na daftari mapajani, chai ikapoa. Alikuwa ameanza kuandika ili mtoto mmoja asiogope, na sasa ameogofya nyumba kumi na tisa. Bassu akaja kuketi kando yake. Hatimaye Tuda aliuliza, kama anayejisemea mwenyewe: "Jeshi la adui lina watu wangapi?"

"Thelathini tu. Wanalalamika kwamba wanaonekana wachache."

"Wanavaaje?"

"Vilemba vyekundu, na kitambaa mpaka puani."

Tuda akakaa wima.

Alfajiri alikwenda mwenyewe, kwa miguu, hakungoja gari. Alimkuta Si Mfaddal akipiga mswaki nje ya hema.

"Mwanangu, hao kumi na tisa wako, wamekufa upande huu. Upande wa pili hawajazaliwa bado."

Si Mfaddal akatema povu. "Mama, wameonekana sura."

"Majivu utayaosha, ndevu utanyoa, na kitambaa kitafika puani. Mimi nitakuandikia nani alikuwa nani na sasa ni nani, asije akasimama karibu na kamera yule mwenye sikio lililokatika. Adui zako wanakuwa arobaini na tisa."

Kijana akasuuza mdomo. Akaenda kumwamsha mwongozaji, na Tuda alisikia sauti ya mgeni ikipanda, ikashuka, kisha ikacheka. Kabla ya saa tatu Udad alikuwa amenyolewa, anajipapasa kidevu kama mtu aliyeibiwa. Hadda alimwona akirudi mchana na kilemba chekundu, akapita kwa Tuda, akaacha mlangoni kikapu cha makomamanga. Kesho yake alirudi kuandikisha kama kawaida.

Walimweka Tuda kazini mpaka filamu ikaisha, na nyingine baada ya hiyo, na nyingine. Sasa ana kadi yenye picha yake shingoni. Msimu ambao filamu mbili zilikuja pamoja, aliwaomba Hadda na Lalla Kenza wamsaidie, na ikatokea kwamba Hadda ana macho makali kuliko wote, mkwaruzo mdogo shavuni haumpiti. Ijja hupiga simu kila Ijumaa kutoka Agadir kuuliza habari za nyumbani, na wakiisha kubishana juu ya hesabu huwa wamesahau salamu.

Bassu bado anakufa. Magoti yamechoka, kwa hiyo hapandishwi tena ukutani. Wanamuulia chini, kwenye mchanga laini, na vijana huletwa kwake wamwangalie jinsi anavyoanguka. Alhamisi iliyopita alichomwa mkuki kwenye lango, akafa vizuri, mwongozaji mpya akasema asante, na Bassu akainuka akijipangusa vumbi, anauliza viatu vyake viko wapi. Mtu alikuwa ameondoka navyo. Aliulizwa Tuda, ambaye anajua kila kitu, naye hakujua. Akamtandikia mchangani kanzu yake ya baridi ya alfajiri aikanyage, akawa anaisogeza mbele, wakavuka mchanga wa moto hatua kwa hatua, wanacheka, kwenda kula.