Dumu la Baba Mdogo

Bibi yangu mzaa baba hajawahi kuiona bahari, lakini ana ugomvi nayo. Wakati wa vita vya Kagera, mwanawe wa mwisho, yaani baba yangu mdogo, alikuwa rubani wa jeshi. Siku moja alipaa kwa mazoezi juu ya bahari, hakurudi. Haikupatikana ndege wala mtu. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Wazee wa ukoo wakasema uzikwe mgomba badala yake, kama inavyofanywa mwili usipopatikana, watu walie, msiba uishe. Bibi akagoma.

"Sikuzaa mgomba," akasema, na tangu hapo hakumlilia mwanawe hata chozi moja. Ukimuudhi tu, utasikia: msiba wangu haujaisha, msinizoee.

Mwaka juzi magoti yalipoanza kumsumbua, nilimleta kwangu Tunduma. Akawa anashinda barazani akitazama malori kwenye foleni ya kuingia Zambia. Akaniuliza yanatoka wapi. Nikamwambia mengi yanatoka bandarini, Dar. Akaweka kikombe cha chai chini, akasema hataki kufa kabla ya kumzika mwanawe. Kama bahari ndiyo iliyommeza, basi iletwe hiyo bahari, tuizike pamoja naye.

Mimi ni wakala wa forodha. Nimepitisha mbolea, vitanda, hata kengele ya kanisa, lakini bahari sijawahi. Nikamwagiza kijana mmoja dereva, mcheshi, maneno mengi. Akaleta chupa. Bibi akaiinua juani, chumvi imelala chini kama sukari ya chai isiyokorogwa. Kumbe jamaa alisahau, akajaza maji ya bomba pale Mbeya, akatia chumvi! Bibi akaniambia nikamjulishe kwamba yeye amepika maisha yake yote, chumvi ya dukani anaijua. Nilimpa vidonge vyake yule kijana, na hadi leo akiniona anapandisha kioo.

Dereva wa pili alikuwa mtu mzima wa Tanga, Mwislamu, mtaratibu. Huyu nilimweleza jambo lote, sikumficha kitu. Akaleta dumu limejaa, na picha kwenye simu: yeye mwenyewe kasimama baharini, suruali imelowa mpaka mapajani, dumu mkononi. Akasema alimwombea marehemu dua palepale. Bibi akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. Akauliza mwanawe aliyanywaje maji machungu namna hii. Mimi nikajifanya nina vyombo vya kuosha.

Tukaenda kuzika kijijini kwetu, Mbangala. Yule dereva wa Tanga alimwachia utingo lori kwenye foleni, akaja nasi. Kufika, ubishi: dumu lenyewe lilikuwa la mafuta ya kula, je, linamfaa mwanajeshi? Shangazi anataka sanduku, baba anataka bendera. Bibi akakata maneno: kaburi lichimbwe, maji yamiminwe, basi.

Hapo watani wakaingia. Kwetu mtani akija msibani ana ruhusa ya kumkejeli hata marehemu, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Mama mmoja wa Kamsamba, mnene kweli kweli, akajifunga kanga kiunoni, akatanua mikono, akaanza kuzunguka kaburi huku akinguruma kwa mdomo. Eti yeye ndiye rubani. Amepotea njia miaka yote hii, mafuta yamekwisha, na akifika nyumbani anakuta wajinga wamechimba shimo katikati ya uwanja wa ndege! Watu tulikuwa hoi. Mtu wa Tanga alicheka mpaka kofia ikaanguka. Bibi naye akacheka, kashika mbavu, na jinsi asivyo na meno ndiyo akazidi kutuchekesha.

Yule mama hakuacha. Jasho linamtiririka, anazunguka tu, na kila akipita mbele ya Bibi anauliza: nitue, nisitue?

Mara ya kwanza Bibi alicheka. Mara ya pili akatabasamu. Mara ya tatu alishika fimbo yake, akasimama peke yake bila kusaidiwa, akamnyooshea mkono.

"Tua, baba," akasema. "Tua, mwanangu, umechoka."

Ndipo akalia, na sisi tukamimina maji.