Bawa Lililochanika Mara Mbili

Saa mbili asubuhi, chumba cha nyuma cha ofisi ya mifugo. Mapazia yamefungwa, na mama mmoja ameganda mbele ya kompyuta. Kwenye kioo kuna bawa la usubi, yule mdudu mdogo kama chembe ya pilipili manga anayeuma kupita umbo lake.

"Hili nililiona juzi," anasema bila kugeuka.

Wenzake humwita Mama Mabawa. Wategaji hunasa usubi mazizini kwa mitego ya taa, huwapiga picha kwa hadubini, humtumia, naye hutambua aina kwa madoadoa ya bawa. Aina moja hueneza homa inayoua kondoo. Ikionekana kwenye zizi, chanjo hupelekwa hapo. Isipoonekana, huenda kwingine. Ndiyo maana haamini picha hata moja kabla ya kuibana. Ofisini wanasema hata kivuli chake hukiomba kitambulisho.

Picha ya leo imeandikwa "mazizi ya bondeni". Ya juzi iliandikwa "mazizi ya mlimani". Zote zinaonyesha aina isiyo na madhara. Lakini ukingo wa bawa umechanika palepale, kwa umbo lilelile. Anaziweka sambamba: ni bawa lilelile moja. Kikulacho ki nguoni mwako: mpiga picha ni shemeji yake, mdogo wa mumewe.

Anampigia simu. Shemeji anaapa, anacheka, mwishowe anakiri. Betri ya taa ya mtego wa bondeni ilikufa, naye hakutaka kurudi mikono mitupu, akampiga picha usubi wa mlimani mara ya pili.

"Shemeji, si usubi tu huyu? Nisitiri basi."

"Kondoo wa bondeni nao wana wenyewe. Rudi ukatege."

Alirudi, amenuna. Picha mpya zilipofika, Mama Mabawa alizipekua moja moja akitafuta hila nyingine. Hakuiona. Alichokiona ni ile aina inayoua, bawa baada ya bawa. Chanjo zilizokuwa zipite njia nyingine zikateremshwa bondeni siku hiyohiyo.

Nyumbani, mumewe hamsemeshi tangu hapo. Anadai mke amemwaibisha ndugu yake, na damu ni nzito kuliko maji. Mama Mabawa hafichi kwamba inamuuma.

"Natumaini yataisha," anasema. "Ila siku atakayoniambia yamekwisha, nitamwangalia usoni vizuri kwanza."