Kanda ya Lori Jipya

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikaanza na gunia moja la ulezi pale Majengo. Biashara ilipoachiwa huru, wenye vyeti walibaki wanasubiri barua, mimi nikanunua lori. Nikanunua na kamera ya video, kabla ya wakubwa wengi wa hapa Dodoma.

Siku lori lilipofika nililipeleka Ihumwa kwa mama, likachinjiwa mbuzi. Nikarekodi matairi, nikarekodi bodi, nikamwambia dereva akanyage mafuta watu wasikie injini.

Mwezi uliofuata mama alifariki. Kifua. Kwenye matanga ndugu zangu watano waliniuliza, wewe mwenye gari, hukujua kama anaumwa? Nikaapa mbele ya wazee kwamba hakuniambia. Wakaniamini. Hata mwenyewe nilijiamini.

Miaka ikapita, kanda zikaanza kuota ukungu. Ndugu zangu wakaiomba ile ya lori, maana mama hakuwahi kupigwa picha nyingine na wajukuu hawamjui sura. Nikaipeleka kwa fundi anayehamishia kanda kwenye diski. Nikaagiza sita: tano zao, moja yangu. Kumbe kanda haihamishwi haraka. Lazima icheze yote, mwanzo mpaka mwisho. Nikavuta kiti.

Matairi. Bodi. Injini inanguruma. Halafu mama anaingia, anajifuta mikono kwa kanga. Anakuja mpaka mbele ya kamera, anaiinamia, anaisalimia kama mgeni aliyetoka safari. Uso wake umejaa kioo kizima. Hapo dereva akazima injini.

“Baba,” mama akasema, “hiki kifua hakinipi usingizi. Ungenipeleka hospitali na gari lako.”

Sauti yangu ya ujana ikajibu, “Sawa, mama. Sogea kidogo, unaziba lori.”

Fundi akajifanya anatafuta waya.

Nikamwambia akate. Akasema, “Mzee, nikikata hapo na sura inaondoka. Kwingine kote ni mgongo tu. Ila naweza kufunika sauti kwa kwaya, kama tunavyofanya kwenye harusi.”

Nikakubali. Diski zikatoka, nikaenda kuangalia ya kwangu nyumbani, mchana kweupe. Kwaya inaimba vizuri, na mama katikati yake anachezesha midomo. Nikairudia mara tatu. Kila mara namsikia yeye, kwaya siisikii. Mke wangu akapita na sinia la mchele, akasimama nyuma yangu, akauliza mama anasema nini pale. Nikamjibu anasalimia.

“Salamu ndefu,” akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Kesho yake nilirudi kwa fundi, nikamwambia anitolee nyingine sita bila kwaya. Akaniangalia, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kazi yake ni kutoa diski. Alinitoza upya, na mimi ninayebishania bei hata ya chumvi sikuomba apunguze.

Nilizipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikakaa kwa kila ndugu mpaka pale injini inapozimwa. Wanne walizima runinga, wakaniaga. Dada yangu mkubwa haitikii shikamoo yangu mpaka leo.

Diski kumi na mbili, kila moja elfu nne na mia tano. Shilingi elfu hamsini na nne.