Ufito na Misumari Mitano

Mjukuu wangu alirudi nyumbani Kirumba viganja vimevimba kama maandazi. Alikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu alimtandika mbele ya darasa kwa sababu ya grafu: nukta alizipata zote, akaziunganisha kwa rula. "Nimewaambia mstari unapinda," alimfokea, "wewe unanichorea paa la kibanda kilichopinduka!"

Baba yake, mwanangu mwenyewe, alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha pamba kilipouzwa, na hasira zake zilikuwa zinatafuta mtu. Akamzaba kofi, damu ikatoka puani. "Ukichapwa tena kwa hizo grafu, Jumatatu unaenda kiwanda cha minofu ya samaki kuchuna sangara. Shule basi!"

Nilimpiga mwiko wa ugali kichwani, ukavunjika. "Unamtoa damu mjukuu wangu mbele yangu?" Akatoka nje anatukana.

"Futa damu," nikamwambia mtoto. "Nionyeshe."

Akanieleza: unachukua namba, unaizidisha kwa yenyewe. Hasi mbili inatoa nne, hasi moja inatoa moja, sifuri inabaki sifuri, moja ni moja, mbili ni nne. Nukta tano. Mimi niliishia darasa la pili, lakini nimesuka migono ya kutegea samaki tangu sijaota matiti. Nikachukua ubao wangu wa kupasulia samaki, nikapigilia misumari mitano kama nukta zake zilivyokaa, nikampa ufito wa kusukia migono.

"Upitishe kwenye misumari. Ulazimishe kona, kama rula yako."

Akaulazimisha. Ukapasuka, kibanzi kikamchoma kidole.

"Umeona? Sasa chukua wa pili, uache upite wenyewe."

Wa pili ukashuka, ukazunguka taratibu pale kwenye sifuri, ukapanda. Akauchora, akarudia mpaka mkono ukazoea.

Asubuhi nilimsindikiza shuleni, nikasimama dirishani mwa darasa lake. Akaitwa ubaoni. Akaweka nukta, akavuta chaki mara moja, chini pakawa mviringo safi. Mwalimu alitafuta kosa, akalikosa.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu."

"Mwongo!" Akamlamba fimbo ya mgongo.

Niliingia bila hodi.

"Shikamoo, mama," akasema, macho yamemtoka.

Badala ya marahaba nikampokonya fimbo, nikaiweka gotini niivunje. Ilikuwa mbichi, ikapinda tu.

"Haya, tazameni," nikaliambia darasa. "Ndivyo mstari unavyopita."

Nikaondoka nayo. Mpaka mtoto anamaliza kidato cha nne ilining'inia juu ya mlango wetu. Baba yake alipita chini yake kila siku, na habari ya kiwanda cha minofu sikuisikia tena.