Haijasoma

Mama yangu hakusoma. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia yaliyompata huanza na hilo, utadhani wezi hupita kwanza wakikagua vyeti. Mimi ndiye niliyesoma. Nina shahada, nafanya kazi ofisini hapa Sumbawanga, na kwa miaka mingi kazi yangu ya ziada isiyo na mshahara ilikuwa kuwacheka waliotapeliwa kwa simu. "Mtu mzima unatumaje hela kwa usiyemjua?" nilikuwa nikiwauliza, tena mbele za watu. Nilijiona mjanja kweli.

Siku hiyo mama alikuja mjini kutoka Pito, anakolima, kwa sababu laini yake ya simu ilikuwa imeharibika. Nikampeleka kwa kijana mmoja anayesajili laini karibu na soko, mwenye mwavuli na kimashine cha alama za vidole. Kijana akamwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akavuta kiti, akakipangusa kabla hajamkaribisha. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Pumbavu zangu.

Mama akaweka kidole gumba.

"Haijasoma, mama. Rudia."

Akarudia.

"Haijasoma."

"Vidole vyangu vimeisha, mwanangu," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Ni jembe hili."

Ni kweli vimeisha. Vimelima mahindi, maharage na ulezi tangu kabla sijazaliwa, na ndivyo vilivyonisomesha. Kijana akavifuta kwa kitambaa, akavipuliza, akajaribu kimoja baada ya kingine. Mara ya sita ndipo ikasoma. Na mimi msomi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama hapo hapo pembeni, macho kwenye simu yangu, nacheka vichekesho vya watu nisiowajua. Mara ya nne nikafoka: "Mama, si ukandamize vizuri! Watu wanasubiri." Hakuna aliyekuwa anasubiri. Nilimwonea aibu mama yangu, basi.

Miezi ikapita. Jumamosi moja asubuhi tukiwa uani kwake tunachambua maharage, mwenyekiti wa mtaa akaingia na askari, na nyuma yao mwanamke mgeni. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kirando. Akataja majina matatu ya mama, kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Ndiye mimi," mama akajibu.

Mgeni akamtazama, akatazama ungo wa maharage, akaonekana kuchanganyikiwa. Akaeleza kwamba alipata ujumbe unaosema mzigo wake umefika, atume nauli ya lori kwenye namba fulani.

"Kabla sijatuma, simu ikanionyesha jina. Nikaona ni mama mwenzangu, jina la kwetu huku, la ubatizo. Nikasema huyu hawezi kuniibia, nikatuma. Jina lako ndilo lililonitoa hofu, mama."

Mtaani pale kuna wasichana watatu waliobatizwa kwa jina la mama yangu, kwa heshima yake. Wiki ile mzazi wa mmoja wao alipita mlangoni bila kusalimia. Mama akaacha kwenda jumuiya ya kanisani. Nilimwambia kila mtu anajua yeye si mwizi.

"Mimi sikuiba," akasema. "Ila jina langu limeiba. Nitawaambiaje?"

Mwizi wa zamani walau alijichosha. Alivunja ukuta, aliswaga ng'ombe wa watu usiku, alihatarisha mbavu zake. Huyu wa mwavuli alikaa kivulini, akampa mama kiti, akamfanya aone haya kwa mikono ya kazi, kisha akaichukua ile haya akaifanyia biashara. Namdharau kuliko ninavyoweza kuandika. Hakuna siku jembe limewahi kumchubua kiganja, nina hakika.

Askari alitushauri twende ofisi ya kampuni ya simu tukahakiki. Dada wa dirishani akapekua, akatuambia kwa upole kwamba namba ya kitambulisho cha mama ina laini sita. Mama anamiliki moja. Nikahesabu vidoleni kama mtoto: kila "haijasoma" ilikuwa imesoma. Kumbe kuhakiki ni jambo la dakika moja, hata kwa simu yako mwenyewe, na mimi mcheka watu sikuwahi kulifanya, si kwa mama wala kwangu.

Ili zile tano zifungwe, ilibidi mama aweke kidole tena.

"Haijasoma, mama," dada akasema. "Samahani, rudia."

Mama akauondoa mkono, akauficha ndani ya kitenge.

"Geuza kwanza hicho kioo," akasema.

Dada akageuza kioo cha kompyuta. Mama hakukitazama, kwani angetazama nini? Alinigeukia mimi.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili, watu wa foleni wakinisikiliza. Safari hii kweli ilikuwa haijasoma. Nilipomwambia hivyo ndipo akautoa mkono, akakipangusa kidole kwenye kitenge, akakandamiza. Nikasoma tena, mpaka mwisho: laini tano zimefungwa.

Tulitoka nje kwenye upepo wetu wa baridi. Nikaanza kumsema yule kijana, kwa matusi yote ninayoyajua. Mama akaniacha nimalize.

"Siku ile nilikuja na wewe," akasema, "kwa sababu umesoma."