Viti vya Kulia

Mjomba alinipigia simu kutoka Kitaya: "Ng'oa viti vyote, bakiza vya kulia tu." Nikasema sawa, mjomba. Kwake sikuwahi kuwa na neno jingine. Korosho zake ndizo zilizonisomesha ualimu baada ya mama, dada yake, kufariki.

Viti vyenyewe vilikuwa vya basi lake bovu, lililoegeshwa kwenye kiwanja chake Likombe. Alitaka liwe mgahawa, na msimamizi wa mgahawa, bila kuulizwa, nilikuwa mimi. Hakujua kwamba nimepata kazi ya kufundisha Njombe na natakiwa kuripoti Jumatatu. Nilijiambia nitamweleza viti vikiisha. Ulikuwa woga tu.

Siku nne nilipigana na viti hivyo. Nati zilishikwa na kutu, spana ikawa inateleza na kunichuna vidole. Madirisha yalikuwa hayafunguki, na mlango hauna kitasa kwa ndani. Ukijifunga, unagonga bati mpaka mama muuza mihogo wa jirani aje akufungulie. Mara ya tatu aliniuliza kama nimehamia humo. Sikucheka. Niliichukia harufu ya sponji kuukuu, na nilijichukia mwenyewe zaidi.

Alhamisi upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Viti vya upande wa kulia vilikuwa vimesimama vyote, nimevipangusa vumbi. Ijumaa baada ya swala mjomba akaja, akasimama mlangoni, akatazama.

"Mpwa wangu, nilisema vya kulia."

"Ndiyo hivi, mjomba."

"Vya kulia chakula. Vile vinne vya nyuma, vinavyotazamana."

Vile vinne vilikuwa upande wa kushoto. Sasa vilikuwa nje mchangani, miguu nimeikata kwa msumeno baada ya nati kunishinda.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ningepata pa kuanzia. Alicheka, akasema fundi wa kuchomelea atakuja Jumatatu, nimsimamie. Nikafungua mdomo.

"Halafu nasikia Njombe kuna baridi," akasema, macho yake kwenye sakafu. "Hapa hutahitaji sweta."

Kumbe alijua. Nikasema sawa, mjomba.

Alipotoka, mlango ulijifunga nyuma yake. Sikugonga. Nilikaa kwenye kiti kimoja cha kulia, nikakitumia kwa maana ya tatu, ile ambayo hakuna kati yetu aliyeitaja.