Askari Aliyemtafuta Mtoto

Juzi sokoni Kasulu muuza karanga alinifungia karanga kwa ukurasa wa katuni ya vita, nikacheka peke yangu kama kichaa. Kama ulikulia huku juu, unazijua zile takataka: vijitabu vya Kifaransa vilivyotoka kambi ya wakimbizi kwa vijana wa Kikongo, askari ana taya kama jembe, risasi zote zinamkwepa, na shati lake halichafuki hata akitambaa matopeni. Maadui wote wana sura moja, maana mchoraji hakuona haja ya kujisumbua. Na sisi wajinga wa Kumsenga tulivigombania mpaka vikachanika.

Kifaransa hatukukijua hata salamu. Aliyekijua ni jirani yetu, Mama Butoyi, aliyekimbia vita Burundi na mtoto mmoja mgongoni, akapokelewa na shangazi yake kijijini kwetu. Alisomeshwa na masista. Basi kila Jumamosi tulimpukuchulia mahindi uani kwake, vidole vikituwaka moto, mihogo ikichemka jikoni, naye akitusomea polepole kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani.

Ajabu ni kwamba katika kila kitabu, askari alikuwa anamtafuta mtoto. Mtoto alibaki ng'ambo ya mto watu walipokuwa wakikanyagana kuvuka. Askari anamuuliza kila anayekutana naye: umemwona mvulana mwenye kovu kisiginoni? Kitabu kinaisha hajampata, na sisi tunanuna. Siku moja nilimwonyesha Mama Butoyi kuwa kwenye picha askari anacheka. Atachekaje na mtoto amepotea? Akaniambia, "Anacheka kwa sababu hajafika mtoni."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya mwalimu wa historia. Nilitaka kujua ni mto gani, vita gani, nani aliyevianza. Shuleni nikakuta upuuzi ule ule, safari hii bila picha: mfalme fulani alimpiga mfalme fulani, taja sababu, taja matokeo. Nimeufundisha upuuzi huo Kibondo mpaka nimeota mvi, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Kifaransa nacho nilijifunza ukubwani, kwa majivuno tu.

Kwa hiyo pale sokoni niliusoma ule ukurasa. Niliukumbuka vizuri, ulikuwa wa kitabu alichotusomea. "Mbele! Wachome hao panya! Mbele!" Basi. Hakuna mto, hakuna kovu, hakuna mtoto.

Nikamimina karanga mfukoni, nikaunyoosha ukurasa, nikausoma tena, na hapo jina la Mama Butoyi likanizaba kofi. Butoyi. Huku kwetu, kwa Waha na kwa Warundi, hilo ni jina la pacha wa pili, kama Doto kwa Wasukuma. Wa kwanza huitwa Bukuru. Kila mtu kijijini analijua hilo tangu utotoni, na kila mtu anajua kuwa mama huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Bado tulimwita Mama Butoyi kisimani, Mama Butoyi kanisani, Mama Butoyi msibani, na hakuna aliyeuliza wa kwanza yuko wapi. Eti wapenda historia. Tulijua bunduki za Wazungu kwa majina, na habari za jirani hatukuwa nazo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake Kumsenga. Ni bibi sasa, macho yamefifia, Butoyi amemwezekea nyumba kwa bati. Nilisimama mlangoni nikasema, "Hodi, Mama Bukuru." Akaugeuza uso kuielekea sauti yangu. Kisha akanisogezea kigoda.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia.

"Oya," akakataa kwa Kirundi. "Niliwaambia kila Jumamosi."

Vijitabu vile vimekwisha. Vimefungiwa karanga na kuwashiwa mkaa, na sikililii hata kimoja. Ninachokililia ni ule ua, mahindi yakirukaruka mkekani, na mwanamke anayesema jambo lake mbele ya watoto wanaosubiri bunduki. Nikamkumbusha tulivyokuwa tukimlalamikia, tukidai anatuficha ukurasa wa mwisho. Hakucheka. Aliupapasa ule ukurasa niliomletea, wenye mafuta ya karanga, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "ningeujua mwisho, ningewasomea."